Barua ya wazi kwa vijana wetu wa hoki: kurasa ambazo Bobby Orr hakuonyeshwa

Wajukuu zangu mnaocheza hoki ya barafu hapa Ontario, Kanada,

Salaam. Juzi mmoja wenu alinijia nyumbani na mkataba wa wakala, akaniomba niutie sahihi kama shahidi. Ulikuwa na kurasa kumi na moja, naye alikuwa ameufungua kwenye ukurasa wa mwisho, kidole kikiwa juu ya mstari wa sahihi. Nilipomuuliza zile kumi za mwanzo zinasema nini, alinijibu kuwa wakala ni mtu mwema na humwita ndugu. Sikutia sahihi. Nimeona afadhali niwaandikie nyote habari za Bobby Orr, ambaye sifa zake mnazijua, lakini mwisho wake sidhani mlisimuliwa.

Orr alizaliwa mwaka 1948 Parry Sound, mji mdogo kando ya Georgian Bay, na alipofika miaka 18 alikuwa tayari beki wa Boston Bruins, timu ya Marekani. Mabeki wa siku zile kazi yao ilikuwa kukaa nyuma na kuzuia. Yeye alikichukua kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira golini kwake na kukikokota hadi goli la wapinzani, kisha akawahi kurudi kulinda. Msimu wa 1969–70 aliongoza NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa pointi, yaani magoli pamoja na pasi za magoli, akarudia mwaka 1975, na hakuna beki mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Tuzo ya beki bora aliitwaa miaka minane mfululizo. Tarehe 10 Mei 1970, sekunde ya 40 ya muda wa nyongeza, alimfunga Glenn Hall, kipa wa St. Louis, na papo hapo beki akamkwatua. Picha ikamnasa angani, mikono mbele, anashangilia kabla hajagusa barafu. Kwa goli hilo Boston ikatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ambalo haikuwa imeliona tangu 1941. (Viatu vya kuteleza alivivaa bila soksi, katika hilo msimuige.)

Kilichomwangusha ni goti la kushoto, lililopasuliwa mara nyingi katika enzi ambayo madaktari hawakuwa na vyombo vya leo. Hata hivyo, katika mashindano ya timu za mataifa ya Kombe la Kanada ya mwaka 1976 alicheza na goti hilohilo akachaguliwa mchezaji bora. Kwa goti simlaumu mtu. Linaloniuma ni karatasi.

Mwaka huohuo mkataba wake na Boston uliisha, na mazungumzo yote alikuwa amemwachia wakala wake, Alan Eagleson, aliyemwamini kama ndugu wa tumbo moja. Boston ilikuwa tayari kumpa asilimia 18.5 ya umiliki wa timu. Orr hakuambiwa. Akahamia Chicago akiamini kuwa waliomlea hawamtaki tena, akacheza mechi 26 tu katika misimu mitatu, na mwaka 1978, akiwa na miaka 30, akastaafu, madeni yakiwa yanaizidi mali yake. Eagleson alikuja kukiri ulaghai mahakamani mwaka 1998 akafungwa, lakini hisa zile hazikurudi.

Sisemi kila wakala ni mwizi. Orr mwenyewe baadaye alifanya kazi hiyo. Ninachowaomba ni kwamba kila ofa itakayotoka kwa timu iwafikie ninyi wenyewe kwa maandishi, na isomwe na mwanasheria anayelipwa kwa saa zake, wala si na yule anayekula asilimia ya mshahara wenu. Kisha isomeni mezani kwa Kiswahili, mama zenu wakisikia, kwa sababu mtu aliyewahi kununua unga kwa mkopo huuliza maswali ambayo kijana wa miaka 18 hayamjii.

Yule mwenye kurasa kumi na moja aje Jumamosi baada ya mazoezi. Chai itakuwepo, miwani yangu nimeshaitengeneza, na tutaanzia ukurasa wa kwanza.

Babu yenu