Barua ya wazi kwa Rais wa Bunge la Ulaya: onyo la 2018 liliishia wapi?

Mheshimiwa Roberta Metsola,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na raia wa Ubelgiji, nchi ambayo kupiga kura ni lazima kisheria. Juni 9, 2024 nilipanga foleni kama wengine kuwachagua wabunge wa Ulaya. Jamaa zangu wa Mombasa huniuliza: huyu Ursula von der Leyen anayeongoza Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, nani alimchagua? Jibu huwa refu mpaka mtu anakata simu.

Kwa kifungu cha 17 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, viongozi wa nchi wanachama hupendekeza jina la kuongoza Halmashauri hiyo wakizingatia matokeo ya uchaguzi, kisha nyinyi hulipitisha au kulikataa. Rungu mnalo.

Februari 2018 Bunge lilitamka kwamba liko tayari kumkataa yeyote ambaye chama chake hakikumtangaza kabla ya uchaguzi kuwa mgombea wa nafasi hiyo. Mwaka uliofuata viongozi walijifungia Brussels, wakamwacha Manfred Weber, wakamwacha Frans Timmermans, wote waliotangazwa na vyama vyao, wakatoka na von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, ambaye hakuwa amemwomba mpiga kura yeyote kazi hiyo. Bunge likampitisha kwa kura 383, tisa tu juu ya kiwango kilichohitajika. Viongozi siwalaumu sana. Onyo walilisikia, wakalipima, wakaona ni maneno matupu.

Ni kweli, 2024 chama chenu cha EPP, cha mrengo wa kati-kulia, kilimtangaza mapema, akapata kura 401. Lakini hata safari hiyo hakugombea kiti. Jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura, si ya Antwerp wala ya Berlin. (Bunge lilipendekeza Mei 2022 viti 28 vya orodha moja ya Ulaya nzima, ili jina kama lake lipigiwe kura kila nchi. Serikali zikalikalia pendekezo hilo.)

Siombi mkataba ubadilishwe. Hilo linataka ridhaa ya nchi zote 27, na tutazeeka tukisubiri. Naomba lililo mikononi mwenu: kabla ya uchaguzi wa 2029, makundi makubwa bungeni yaahidi hadharani, kwa maandishi, kutopitisha jina lililozuka usiku wa mwisho, hata likiwa la mtu wao. Mkilikataa, mkataba unawapa viongozi mwezi mmoja kuleta jingine. Mwezi mmoja tunaweza kuuvumilia.

Wako,
Mpiga kura, Antwerp