Neema isiyokoma haiwezi kumtosha binadamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao hurudi kila jioni katika baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga: kama ingepatikana nchi isiyo na njaa, maradhi wala vita, na neema yake ikadumu daima, je, binadamu angeridhika? Sizungumzii Pepo ya Mwenyezi Mungu, maana hiyo ni habari ya imani. Nazungumzia nchi ijengwayo kwa mikono ya watu. Kwa maoni yangu hangeridhika, na wala sioni aibu katika hilo.

Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alikieleza kisiwa cha namna hiyo, akakiita Utopia, jina ambalo kwa Kigiriki maana yake ni mahali pasipokuwepo. Watu wa huko hufanya kazi saa sita tu kwa siku, kila mtu huchukua ghalani anachohitaji, na dhahabu imedharauliwa hata ikafanywa vyombo vya haja. Lakini humo humo wamo watumwa waliofungwa minyororo ya dhahabu hiyo hiyo, na raia hawezi kusafiri bila kibali. Sisi watu wa pwani, ambao tunajua minyororo ilipita wapi, hatuwezi kuisoma habari hiyo kama jambo dogo. Naona sababu yake iko wazi: hali isiyotakiwa kubadilika lazima ilindwe, na mwishowe hulindwa dhidi ya matamanio ya watu walewale iliyokusudiwa kuwafurahisha.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alilitazama jambo hili kutoka upande wa moyo. Katika riwaya yake Kufikirika, mfalme wa nchi yenye jina hilo alikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto, na upungufu huo mmoja ukamnyima raha ya utajiri wote.

Nami nimeyaona haya nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa Sahare. Tulipojaliwa uwezo, sisi wanawe tulimjengea nyumba yenye umeme na maji ya bomba, tukamwomba asiende tena baharini. Mwezi wa kwanza alitushukuru kila asubuhi. Wa pili akawa analala mchana kutwa. Wa tatu nikamkuta chini ya mwembe, amezungukwa na nyavu za majirani zilizochanika, ukingo wa mmoja ameubana kwa kidole gumba cha mguu, anaushona kwa sindano ya mti na uzi wa nailoni, bila malipo yoyote. Nilimuuliza amekosa nini kwetu. Akanijibu: "Mwanangu, sijakosa kitu. Nimekosa cha kungojea."

Wapo watakaoyachukua maneno hayo kuwahimiza maskini waridhike na dhiki yao, na hao nawapinga kwa nguvu zote, kwani mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Baba hakutamani hata mara moja kurudishiwa zile alfajiri alizorudi pwani mikono mitupu na sisi tunamsubiri hatujala. Umeme aliupenda, na maji ya bomba aliyasifu mpaka anafariki. Alichotaka juu ya hayo ni wavu wa kushona, na mvuvi atakayekuja kuuchukua kabla maji hayajajaa.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga