Daktari, muulize kwanza jana alikula nini

Mhariri, salaam na pole kwa kazi. Naomba nafasi kidogo niseme na madaktari wetu, kwa heshima zote, maana foleni zao nazijua, mgonjwa anapata dakika tatu nne basi anaitwa mwingine.

Mama yangu ana presha, mwaka wa tatu sa hivi. Ni fundi cherehani, anakaa kwenye kiti toka saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Kila akienda kliniki anarudi na dawa na maneno yaleyale, punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi, usiwe na mawazo. Na mama anatii jamani! Kikopo cha chumvi alikitoa mezani kabisa, hakigusi. Ila mchuzi wetu unapikwa na vile vidonge vya supu, viwili, na ng'onda karibu kila siku maana ndo kitoweo tunachokimudu, na ng'onda ni samaki wa chumvi, kila mtu wa Tanga anajua. Presha ikawa haishuki, 160, 170, akaonekana mbishi anakula kwa siri, akasemwa mbele za watu, akarudi nyumbani analia.

Siku moja akampata nesi mtu mzima, huyo akamuuliza tu, mama, jana umekula nini toka ulivyoamka? Ndo ng'onda ikatajwa, vidonge vikatajwa, ikajulikana kumbe anayepika ni mimi, nikaitwa. Akanionyesha kijiko cha chai, akasema chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi hiki, ndo gramu 5 za Shirika la Afya Duniani, na humo hesabu ya mkate, ya mchuzi na ya samaki. Nilishtuka sana. Sa hivi ng'onda tunakula mara mojamoja, nailoweka usiku kucha na maji namwaga mara mbili, vidonge nimeacha, naweka ndimu, kitunguu swaumu na pilipili na mama anakula vizuri tu.

Mazoezi nayo, wanasema dakika 150 kwa wiki, nesi akamwambia ni nusu saa siku tano, sokoni Mgandini nenda kwa miguu, bajaji acha. Hilo analiweza, lakini kukimbia barabarani na raba, mama wa miaka 61 na baibui lake, asingefanya hata siku moja na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dawa anameza kama kawaida, na mtu asiache dawa kwa vile anajisikia mzima, presha haiumi. Kipimo cha mwisho kilisoma 138 kwa 86.

Madaktari wetu, hilo swali ni la dakika moja, tunaomba mtuulize. Na mgonjwa asiyepika mwenyewe, mwambieni kliniki ijayo aje na anayempikia.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga