Usafi wa taka zilizotupwa kinyemela uanzie dampo, si kwenye viroba

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya siku za usafi hutaja tarehe na mahali pa kukutania, kisha huwaomba watu waje na glavu. Ni nadra kutaja taka zitapelekwa wapi. Kwetu sisi tunaojitolea kuondoa taka zilizotupwa kinyemela misituni, kingoni mwa mito na pembeni mwa barabara, hilo ndilo swali la kwanza, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Watu hujaza viroba asubuhi nzima, gari lisitokee, au dampo likakataa mzigo kwa sababu umechanganywa na matairi. Wiki mbili baadaye mbwa wamechana viroba, mvua imefanya yake, na uchafu umesambaa eneo kubwa kuliko ulilokuwa nalo mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote, pateni kibali cha maandishi cha anayesimamia ardhi hiyo, na muulize dampo linapokea nini, saa ngapi, na nani analipia mzigo. Wasimamizi wengi wako tayari kusamehe ada wakiombwa mapema. Wakiombwa getini, lori likiwa tayari limepanga foleni, hawana mamlaka hayo.

Kisha watu wawili au watatu waende kukagua. Wapige picha kila rundo kabla halijaguswa, waweke alama ya mahali kwenye ramani ya simu, na wakadirie ujazo: urefu mara upana mara kimo, halafu nusu yake, maana rundo huchongoka juu. Hapa ndipo hesabu huwapiga chenga wengi. Meta moja ya ujazo ya taka za nyumbani zisizoshindiliwa mara nyingi haifiki kilo 300, lakini ya kifusi cha ujenzi hukaribia tani moja na nusu. Pikapu ya tani moja iliyojazwa matofali mpaka ukingoni imeshazidiwa, na springi zake zitakwambia. Kifusi kiwekwe robo ya kiroba tu. Mtu asibebe zaidi ya kilo 15 kwa mara moja, kwa kuwa atarudia safari hiyo mchana kutwa. Mifuko laini ya plastiki haifai hata kidogo, vioo na misumari huitoboa. Tumieni viroba vya kufumwa.

Ukaguzi huo ndio pia unaoonyesha vitu ambavyo wanaojitolea hawapaswi kuvigusa. Mabati ya zamani ya saruji yenye mawimbi, ya rangi ya kijivu, huenda yana asbesto. Yakivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana, na barakoa ya kawaida ya kitambaa haizizuii. Yaacheni, yazungushieni utepe, mtoe taarifa. Vivyo hivyo mapipa na madumu yasiyo na lebo: msifungue, msinuse, msimwage ili "kupunguza uzito". Betri za magari hubebwa zikiwa zimesimama, ndani ya beseni gumu la plastiki, kwa kuwa zina madini ya risasi na asidi. Friji ifungwe mlango kwa kamba imara na mabomba yake yasikatwe, gesi iliyomo isivuje.

Sindano zinahitaji aya yake. Mtu mmoja aliyefundishwa, kibanio kirefu mkononi, chombo kigumu chenye mfuniko kikiwa kimewekwa chini kando ya sindano. Chombo ndicho kinachopelekwa kwenye sindano, si sindano kuzungushwa uwanjani kutafuta chombo, na kamwe kisishikwe na mtu mwingine. Isirudishiwe kifuniko chake. Chombo kikifika robo tatu, kifungwe. Akichomwa mtu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulinyonya, aende hospitali saa hiyohiyo: dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Glavu za mpira peke yake hazizuii sindano. Vaeni za ngozi nene, na buti zenye soli ngumu. Kiroba kisikumbatiwe wala kisiegemezwe mguuni.

Matairi ni kazi ya peke yake. Maji yaliyotuama ndani huzaa mbu, na mayai ya mbu aina ya Aedes hubaki hai miezi kadhaa hata tairi likikauka, ndiyo sababu kulimwaga maji na kuliacha palepale hakumalizi kitu. Maji yamwagwe juu ya udongo mkavu, mbali na mto au dimbwi, na tairi liondoke siku hiyohiyo. Karatasi ya bati au godoro linaloweza kuficha nyoka lishikwe ukingo wa mbali na liinuliwe kuelekea kwako, ili mwanya ufunguke upande wa pili na lenyewe libaki kama ngao kati yenu. Kwenye mteremko, asiwepo mtu chini ya anayefanya kazi juu.

Kuchoma ni marufuku kwetu, hata pale gari likichelewa. Makopo yaliyozibwa hulipuka, nyaya na mabomba ya plastiki hutoa moshi wa sumu, na majivu yanayobaki hayazoleki tena.

Mara nyingi kwenye taka hutokea bahasha, ankara au lebo ya mzigo yenye jina. Ipigwe picha ilipo, iwekwe kwenye bahasha safi, ipelekwe kwa mamlaka. Msiisambaze mitandaoni. Mwenye jina huenda alimlipa mchukuzi akiamini taka zinakwenda dampo, na mchukuzi akazimwaga njiani ili ada ya dampo ibaki mfukoni. Anayelipa mchukuzi adai risiti ya dampo kabla ya kumaliza malipo. Hiyo pekee ingetupunguzia kazi kuliko kampeni nyingi.

Mwisho ni njia ya gari, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Taka hutupwa pale ambapo lori linaweza kurudi nyuma, kumwaga na kuondoka bila kuonekana. Eneo likisafishwa na njia ikaachwa wazi, rundo jipya halichelewi. Kwa kibali cha msimamizi, wekeni mawe makubwa yaliyozikwa theluthi moja ardhini, nafasi kati ya jiwe na jiwe isizidi meta 1.5, au chimbeni mtaro. Mawe yasiyozikwa husukumwa kwa bampa. Acheni upenyo wa watu kwa miguu, na geti lenye kufuli kwa ajili ya zimamoto, ufunguo wakabidhiwe wao. Kisha mtu apite baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi. Mfuko mmoja uliotupwa uondolewe siku unapoonekana, kwa sababu wa pili hufuata wa kwanza.

Ni sisi,
Kikundi cha wanaojitolea kusafisha maeneo ya umma