Harambee ya paa la stoo: tuokoe kumbukumbu za stesheni ya Nachingwea

Ndugu wana Nachingwea, mlioko nyumbani, Lindi, Mtwara, Dar es Salaam na ng'ambo: Assalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunaona haya kubisha hodi tena, maana madawati ya mwaka juzi ni ninyi mliyatoa. Lakini mvua imeshaanza. Bati za stoo ya shule zimeoza, na humo ndimo tulimohifadhi kila tulichokusanya kuhusu stesheni yetu: picha, tiketi na madaftari ya simulizi za wazee walizoandika wanafunzi. Juzi usiku maji yaliingia. Madaftari mawili yamelowa hadi wino umeyeyuka, na mzee aliyesimulia mojawapo ameshatangulia mbele ya haki. Nani atatusimulia tena?

Vijana wengi hawaamini kwamba garimoshi lilifika hapa. Lilifika! Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitaka kulima karanga huku kwetu, wakajenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Ilifunguliwa 1949. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa 1951, lakini reli ilibaki, na 1954 ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mzigo haukutosha kuilipia. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miezi michache tu, ikafungwa, kisha ikang'olewa. Vitabu vinataja hasara ya Waingereza. Waliofyeka pori na kubeba mataruma mabegani hawatajwi, na majina yao yamo katika madaftari haya yanayolowa.

Tunaomba bati, mbao, misumari, saruji au fedha, kwa kadiri Mungu alivyokujalia. Fundi ni mzazi mwenzetu, hatalipwa. Kila mchango utapewa risiti, na mapato na matumizi yatabandikwa shuleni na kusomwa misikitini na makanisani.

Korosho wengi mmeshauza. Kadi za harusi tunazilipa, tena kwa wakati. Babu aliyejenga reli hana kadi ya kukuletea.

Tukutane shuleni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mlio mbali, tumeni kupitia mweka hazina wa kamati. Mwenye mzee aliyefanya kazi relini aje naye. Kama hawezi kutembea, tuarifuni tumfuate.

Kamati ya Wazazi na Walimu