Usimuuze yule fahali

Mbarara

Swahiba wangu,

Asalaam aleikum. Pole tena kwa kuondokewa na mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimesoma kwamba unataka kuuza ng'ombe wake wote wa Ankole, wale wa asili wenye pembe ndefu, ununue Friziani, ng'ombe wa kigeni wa maziwa. Sikulaumu. Ada ya shule haingoji, na ng'ombe anayekupa lita 1 au 2 ndama akishanyonya hamfikii Friziani kwa maziwa.

Lakini huku wengi wamepitia njia hiyo. Maziwa yameongezeka kweli. Pamoja nayo umekuja mzigo wa dawa. Kupe wamekuwa sugu, watu wanachanganya dawa kwenye bomba la kunyunyizia wakibahatisha, na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikiingia zizini, ng'ombe wa kigeni ndio wanaotangulia kufa. Kiangazi nacho hakiwahurumii. Wa mzee wako walitembea mbali kufuata maji na wakarudi wazima.

Kinachonikosesha raha zaidi ni huyo fahali. Mtu hubakiza majike matano akadhani ameokoa mbegu. Akiwapandisha kwa dume la kigeni, ndama ni nusu Ankole, mjukuu ni robo, kitukuu hata pembe hana za kutajwa. Serikali ya Uganda inafuga Ankole halisi katika ranchi ya Nshaara, kule Kiruhura, chini ya kituo cha mbegu za mifugo chenye makao Entebe. Ni kazi njema, ila ranchi moja haiwezi kubeba kila ukoo wa ng'ombe. Wale bihogo, yaani wenye rangi nyekundu iliyoiva, mzee aliwachagua kizazi hadi kizazi. Wakienda machinjioni, hakuna duka la kuwanunulia tena.

Basi gawa kundi. Friziani wawili wa maziwa karibu na nyumba, waletewe majani. Majike bora ya mzee yabaki malishoni na fahali wao, uzio katikati. Baada ya miaka michache badilishana fahali na jirani mwenye Ankole safi, asije akapanda binti zake.

Na mbuzi weusi wa mama, wale wa Mubende, tafadhali usiwaletee beberu wa kigeni wa Boer. Ngozi yao inasifika kwa watengenezaji wa bidhaa za ngozi, na nyama yao unaijua mwenyewe.

Mnunuzi akija, mwambie fahali hauzwi. Nitafika mwezi ujao tuchague majike pamoja, na mchunga wa mzee awepo. Yeye ndiye anayejua nani alizaa nani.

Wako,
Rafiki yako wa Mbarara