Risasi kwenye lehemu ipigwe marufuku viwandani

Mhariri,

Mimi ni fundi simu, Kariakoo. Waya wa kulehemu, ule tunaouyeyusha kuunganisha vipande vya simu, sisi tunauita "risasi", na jina halijakosea: uliozoeleka una bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vifaa vingi vipya vya umeme tangu Julai 2006.

Lehemu isiyo na risasi ipo. Huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi badala ya 183, hivyo inataka pasi ya kulehemu yenye moto zaidi, na bei yake imechangamka kweli. Lakini kiwanda kinachounganisha simu hapa kwetu kisijitetee kwa bei ya waya. Serikali iweke kwenye leseni sharti la kutotumia risasi.

Mimi mwenyewe, mpaka mwaka jana, nilikuwa naushika waya huo wa risasi kwa meno.

Fundi simu,
Dar es Salaam